Misikiti mashuhuri ya Kongo iko wapi? Jibu kwa mwanafunzi wa utalii

Swali: "Jambo sana Mwalimu. Ninasoma utalii hapa Goma na ninaandaa TFC, kazi yangu ya kumaliza masomo, juu ya maeneo ya ibada ambayo mgeni anaweza kutembelea katika nchi yetu. Makanisa nimepata hata kupita kiasi. Kwa misikiti nimekwama. Nikitafuta naletewa Kampala, Kigali, Dar es Salaam. Kongo napata picha mbili tatu za majengo yasiyo na jina. Je, hatuna misikiti mashuhuri? Na mimi ni Mkristo, nikienda kuuliza watanipokea?" Msomaji wa mtaa wa Himbi, Goma.

Jambo sana, binti yangu. Misikiti mashuhuri tunayo, ila umeitafuta kwa macho ya Kampala. Ule wa kilima cha Old Kampala ulikamilishwa kwa fedha za Libya na kufunguliwa rasmi 2008. Ulijengwa uonekane kutoka mbali, na mgeni hulipa kiingilio akapanda mnara kuutazama mji. Ni msikiti mzuri, sina neno nao. Lakini ukiufanya ndio kipimo utaikosa Kongo yote, tena si Kongo peke yake. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ulioanza karne ya 11 na kupanuliwa baadaye hadi ukawa mmoja wa misikiti mikubwa ya pwani, hauna mnara. Misikiti mingi ya kale ya Waswahili haikuwa nao. Mwadhini alipanda ngazi chache au darini akawaita watu. Na Uislamu wa mashariki ya Kongo umetoka huko huko pwani, kwa njia ya Tabora na Ujiji. Uliingia na mazoea hayo: nyumba ya sala iliyo karibu na watu, yenye kibla (upande wa Makka unaoelekewa katika sala), maji na mwalimu wa watoto. Kuba na minara vimekuja juzi, na mara nyingi vimekuja na mfadhili.

Kwa hiyo usipange sura yako kwa ukubwa wa miji, Kinshasa kwanza na Kasongo mwisho. Fuata njia ambayo dini yenyewe ilipita.

Anzia mto Lualaba. Nyangwe ilikuwa soko kubwa la mtoni na kituo cha wafanyabiashara Waswahili na Waarabu tangu miaka ya 1860. Livingstone alifika hapo 1871, na Julai mwaka huo akawaona watu wa misafara wakiwafyatulia bunduki watu wa soko, wengi wao wanawake. Habari hiyo ilitikisa Ulaya. Usiifiche katika kazi yako kwa kuogopa kuwaudhi wenyeji. Dini iliingia Maniema, yaani nchi hiyo ya Nyangwe na Kasongo, katika njia ile ile ya pembe za ndovu na watumwa, na mtalii mwenye akili atauliza. Kasongo, ambayo haiko mbali na Nyangwe, ikawa makao ya Hamed bin Muhammad, yule tunayemwita Tippu Tip, na baadaye ya mwanawe Sefu. Daktari Mwingereza Sidney Hinde, aliyeingia Kasongo 1893 pamoja na jeshi la Dola Huru la Kongo, aliandika kwa mshangao juu ya magodoro ya hariri, samani za kuchongwa, mashamba ya mpunga na miwa, bustani za michungwa na mapera. Wali wa Maniema unaoula leo hapa Goma una asili katika mashamba hayo.

Mji wa namna hiyo ulikosaje kutuachia msikiti wa kupigia picha? Sababu moja ni kwamba watu walijenga kwa udongo na miti, na udongo katika mvua zetu haukai miaka mia bila mtu wa kuutunza. Halafu ikaja vita ya 1892 hadi 1894. Wanajeshi wa Leopold II, mfalme wa Ubelgiji na mwenye Dola Huru la Kongo, wakiongozwa na ofisa wake Dhanis, waliichukua Nyangwe Machi 1893 na Kasongo Aprili mwaka huo, na Nyangwe ikaharibiwa karibu yote. Sefu alikufa katika vita hiyo. Baba yake alikuwa amekwisha rudi Zanzibar, na huko alifariki 1905.

Ila mimi naona yaliyofuata yalifanya kazi kubwa kuliko bunduki. Mwaka 1906 dola ya Leopold ilitia mkataba na Vatikani: misheni za Kikatoliki zikapewa ardhi, nazo zikafungua shule. Tangu hapo elimu ya koloni ikawa mikononi mwa misheni kwa muda mrefu sana. Mzazi Mwislamu wa Kasongo akabaki na chaguo mbili: mtoto aende shule na abatizwe, au abaki chuoni kwa maalimu ajifunze kusoma Kurani na asipate kazi ya ofisi. Walimu wa dini walichunguzwa, wengine wakahamishwa kwa nguvu mbali na watu wao, vitabu vikazuiwa. Jamii isiyo na makarani, isiyo na ardhi iliyoandikwa kwa jina lake, itajenga msikiti wa mawe kwa njia gani? Hata hivyo katika miaka ile ya katikati ya vita vikuu viwili tarika ya Kadiria, njia ya masufi, ilivuka Tanganyika na kuenea Maniema. Haikuhitaji jengo. Dhikiri, yaani kumtaja Mungu kwa pamoja, husomwa uani, usiku, na karani wa koloni hana cha kubomoa.

Ndiyo maana kwa Kasongo usiandike "msikiti fulani, urefu mita kadhaa". Andika mji wenyewe. Andika Tongoni, mahali pa Kasongo ya zamani, ambapo wanaakiolojia wamekuja kuchimba katika miaka ya karibuni. Andika Maulidi, dufu, kanzu na kofia zinazovaliwa na mzee anayekwenda shambani kama wengine wanavyovaa kofia ya jua. Ukienda na mgeni, siku ya kwenda ni mwezi wa Maulidi, mfungo sita, si siku yoyote tu.

Kutoka hapo shuka na mto hadi Kisangani. Watu wengi wanaujua mji huo kwa Wagenia na mitego yao ya samaki kwenye maporomoko. Wachache wanakumbuka kwamba mwaka 1887 Tippu Tip alikubali kuwa gavana wa Stanley Falls, jina la zamani la hapo, kwa niaba ya Leopold, kabla urafiki huo haujageuka vita. Waislamu wa Kisangani wana asili huko, na Kiswahili cha Kisangani pia. Kisha geukia Ziwa Tanganyika: Uvira, Baraka, Kalemie. Hii ni pwani yetu, binti yangu. Ng'ambo kuna Ujiji na Bujumbura, na Mwislamu wa Uvira ana shangazi mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, na shemeji Kigoma. Ukiuliza shehe alisomea wapi, mara nyingi jibu linavuka ziwa. Kwa mtalii, Uvira ina faida moja kubwa ambayo Kasongo haina: inafikika kwa urahisi zaidi ukitoka Bujumbura au Bukavu, hali ya usalama ikiruhusu.

Sasa tufike nyumbani, maana hapa ndipo utafanya kazi yenyewe. Goma na Bukavu si miji ya Uislamu wa kale. Ni vituo vya koloni vilivyokua, na Waislamu walikuja navyo: askari, madereva, mafundi cherehani, wachuuzi kutoka Maniema na kutoka upande wa Tanganyika. Usitafute msikiti wa karne ya 19 katika mtaa wa Birere hapa Goma. Tafuta namna jamii ndogo ilivyojipatia nafasi katika mji ambao haukupangwa kwa ajili yake, na hilo linasomeka ukutani na sakafuni ukijua pa kutazama.

Ukiingia, tazama kwanza mistari ya mazulia au mikeka. Kama inakwenda sambamba na kuta, jengo lilipimwa tangu msingi liwe msikiti. Kama imepinda, inaukata ukumbi kama mshazari, ujue hiyo ilikuwa nyumba ya mtu au depo ya bidhaa, ikanunuliwa au ikatolewa wakfu, nao wakaacha kuta zilivyo wakapindisha safu. Kibla ya Goma ni kaskazini, ikielekea mashariki kwa digrii 24 hivi. Ukisimama Birere ukautazama mlima wetu wa volkeno, Nyiragongo, kibla iko kulia kwake kidogo. Wageni wengi hudhani ni mashariki kabisa, kwa sababu Waarabu walitokea huko. Barabara za mji hazikumuuliza mtu kibla, basi mshazari huo utaukuta mara kwa mara, na kona ya mbele hubaki na pembetatu tupu isiyo na safu, ambapo huwekwa rafu ya misahafu, spika, au jeneza la kubebea maiti. Piga picha ya pembetatu hiyo, ukiruhusiwa. Inaeleza historia ya Waislamu wa mji huu vizuri kuliko picha ya mlango.

Halafu tazama jengo limekaa juu ya nini. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani, ikala maduka, nyumba na kanisa kuu la Wakatoliki. Msikiti wowote uliokaa juu ya lava ile ulijengwa au kujengwa upya baada ya siku hiyo, hata kama jamaa wanakuambia ni wa zamani. Hawakudanganyi: jamii ni ya zamani, jengo ni jipya. Andika yote mawili.

Na maji. Mwislamu hasali bila udhu, na udhu wa watu mia tatu siku ya Ijumaa ni bidoni (madumu) nyingi. Goma inakaa juu ya mwamba, kisima hakichimbiki kirahisi, bomba lina siku zake. Uliza maji yanatoka wapi: matangi ya mvua kutoka kwenye mabati? Bidoni zinazosukumwa kwa chukudu, kile kigari cha mbao, kutoka ziwani? Nani analipa? Swali hilo litakufungulia mazungumzo ambayo swali la "msikiti ulijengwa lini" halitafungua, kwa sababu kila mtu pale ana hadithi ya Ijumaa ambayo maji yalikatika. Vilevile uliza wanachimbaje kaburi katika mwamba, kwa kuwa kaburi la Kiislamu lina mwanandani (nafasi ya ndani ya kulaza maiti), na mwanandani unataka udongo. Waulize wazee, usiwaulize vijana. Vijana hawajashika sururu.

Mlangoni pengine utakuta kibao cha marumaru chenye maandishi ya Kiarabu. Mara nyingi hicho kina jina la mfadhili na mwaka wa Hijria (kalenda ya Kiislamu). Ukisoma 1420, ni kati ya 1999 na 2000. Misikiti yenye kibao cha hivyo hufanana sana kutoka mji hadi mji, kwa maana mchoro ulikuja na fedha. Sioni ubaya, watu wamepata paa. Lakini kwa mtalii msikiti wa mbao na mawe ya volkeno uliojengwa kwa michango ya mama wauza vitenge una mengi zaidi ya kusimulia, na ningeuweka mbele ya ule wa marumaru bila kuona haya.

Bukavu nitaipita haraka: kanuni ni zile zile, ila mteremko umechukua nafasi ya lava. Utakuta misikiti ya kupanda kwa ngazi, na mzee asiyeweza ngazi anasalia nyumbani.

Lubumbashi ni jambo lingine. Mji ulianzishwa 1910 kwa ajili ya shaba, na Kiswahili kilikuja na wafanyakazi. Waislamu wake wametoka pande nyingi: watu wa Maniema, Waasia wenye maduka, Walebanoni, Waafrika Magharibi. Hapo mgeni anaweza kuona kwa siku moja namna kadhaa za kuwa Mwislamu, Sunni na Shia, na kila jamaa na msikiti wake. Ukiandika juu ya Waasia usisahau tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alipotangaza kuchukuliwa kwa biashara za wageni. Wengi waliondoka, na msikiti uliojengwa kwa ajili ya familia nyingi ukabaki na chache. Kinshasa, kwa upande wake, Uislamu wake una sura kubwa ya Afrika Magharibi: Wasenegali, Wamali, Waguinea, wale wanaoitwa Ouest-Af, pamoja na Wakongo waliotoka mashariki. Ukitazama safu utaona baadhi wanasali mikono ikiwa imening'inia. Wengi wa hao ni wa madhehebu ya Maliki. Sisi wa mashariki, tuliofunzwa na watu wa pwani, ni Shafii, tunafunga mikono. Kibla cha Kinshasa nacho ni karibu kaskazini-mashariki barabara. Kwa kweli Kinshasa haihitaji ukurasa zaidi ya mmoja katika kazi yako.

Umeuliza misikiti; ongeza vituo. Katika nchi yetu msikiti haukai peke yake. Una shule, mara nyingine na zahanati, ofisi, na baraza la kusuluhisha ndoa na mirathi kabla ya watu kupelekana mahakamani. Jumuiya inayosimamia kwa niaba ya Waislamu mbele ya serikali ni COMICO, iliyotambuliwa 1972, wakati nchi ikiitwa Zaire. Shule za Kiislamu zenye mkataba na serikali ziko chini yake, na wanafunzi wake si Waislamu peke yao; jirani Mkristo huleta mtoto kwa sababu shule iko karibu na nidhamu anaiona. Kwangu mimi shule hizo ndizo zilizofunga lile jeraha la 1906, na sura yako isipozitaja itakuwa na pengo. Ujue pia kwamba ndani ya COMICO kumekuwa na ugomvi wa uongozi. Sikukuu ya Idi ya Mei 2021 pande mbili zilipigana nje ya Stade des Martyrs, Kinshasa, na polisi mmoja akauawa. Kwako maana yake ni hii: chukua barua ya chuo chako, ipeleke ofisi ya COMICO ya mkoa kwanza, kisha nenda kwa imamu wa msikiti wenyewe. Usitoe maoni kuhusu nani ni kiongozi halali. Ukiulizwa, sema umekuja kwa ajili ya majengo.

Watakupokea? Ndiyo, ukija kwa adabu. Kwa madhehebu yetu Mwislamu akimruhusu asiye Mwislamu kuingia msikitini, ameingia. Vaa nguo pana inayofika kifundo cha mguu, mikono mirefu, kitenge kichwani. Usijisumbue kununua baibui. Viatu vinabaki mlangoni, kwa hiyo vaa soksi zisizo na matundu, watu wanaona. Uliza mlango wa wanawake, mara nyingi uko pembeni au nyuma, na uanzie huko: mama wa pale ndiye atakayekupeleka kwa imamu, nawe utakuwa umeingia kama mgeni wa nyumba na si kama mtu wa NGO mwenye daftari. Usimpe imamu mkono kabla hajakupa wa kwake. Ukiweka wako kifuani inatosha. Saa nzuri ni kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, siku za kazi. Ijumaa saa sita usiende kuhoji mtu. Nenda kutazama tu, ukae nyuma. Sala ya magharibi hapa haitoki mbali na saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, maana tuko karibu na ikweta, na kwa usalama wa mji wetu wakati huo uwe umekwisha fika Himbi.

Kuna neno moja ambalo direkta wako wa TFC huenda akataka uliandike, nami naomba ulikatae: kuchanganya misikiti na kundi la waasi la ADF la huko Beni. Mei 2021, katika mwezi wa Ramadhani, Shehe Ali Amini alipigwa risasi akauawa msikitini Beni wakati wa sala ya jioni. Alikuwa akilipinga kundi hilo waziwazi katika mawaidha yake. Ukifika msikiti wa Goma utakuta watu wenye jamaa waliozikwa huko. Kama lazima ugusie usalama, gusia hivyo.

La mwisho ni takwimu, kwani najua jedwali linatakiwa. Usiandike asilimia ya Waislamu wa Kongo kana kwamba imehesabiwa. Sensa ya mwisho ya nchi hii ilifanyika 1984, na namba zote unazoziona tangu hapo ni makadirio yanayopishana mno, wengine wakisema moja na nusu kwa mia, wengine kumi. Hesabu mwenyewe. Ijumaa kaa nyuma upande wa wanawake, hesabu safu, zidisha kwa watu wa safu moja, ongeza walio uani kwenye mikeka, andika jina la mtaa na tarehe. Ukifanya hivyo katika misikiti mitatu ya Goma, utakuwa na jedwali ambalo wanafunzi wa mwaka ujao watalinukuu.